Hilo Si Jino

Baba mkwe wangu alikuwa na jina zuri sana, na mimi sikuruhusiwa kulisema. Kwetu, upande huu wa Rungwe, mke hamtaji baba mkwe wake, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, na akimwona anakuja njiani huingia vichakani mpaka mzee apite. Hiyo ndiyo heshima, na wala sikuibuni mimi. Watu wa misheni walituambia tumeokoka, tuyaache hayo. Kweli kanisani tuliimba nyimbo zile zile, yeye upande wa wanaume na mimi upande wa wanawake. Lakini tukishatoka mlangoni kila mtu alishika yake: mzee barabarani, mimi migombani, kanga kichwani mpaka puani.

Vichaka sikuviogopa, miguu nilikuwa nayo. Kilichonitesa ni ulimi. Maana mila haikukataza jina peke yake, ilikataza na kila neno linalofanana nalo, na jina la mzee yule lilifanana kabisa na neno la lugha yetu la jino. Leo nalisema bila kuogopa. Wakati ule, mwezi wa kwanza tu wa ndoa yangu, niliumwa na gego mpaka shavu likavimba, na kila aliyeniuliza naumwa na nini nikawa namjibu, "Ndani." Ndani wapi? "Ndani ya mdomo." Ulimi? Hapana. Koo? Hapana! Walidhani nimerogwa.

Nikasema basi, nitatumia Kiswahili, Kiswahili hakina mkwe. Mama mkwe akanikatia maneno pale pale. "Lugha ni nguo tu," alisema. "Anayevaa ni yule yule." Ikawa hata neno la Kiswahili nalo marufuku. Nikajitungia neno langu, kama walivyofanya mabinti wote walioolewa kwetu. Jino nikaliita kitafunio, na meno, vitafunio. Kazi yake si kutafuna? Nikajiona nina akili.

Siku nilipokwenda Mbeya mjini nikaingia duka la mtu wa pwani kutafuta chanuo. Nikamwambia nataka chanuo lenye vitafunio vingi. Akanitazama, akatazama chanuo, akanitazama tena. "Bibie," akasema taratibu, "hapa ni duka. Vitafunio viko mkahawani pale ng'ambo, mandazi, vitumbua, chochote utakacho." Nilitoka dukani nimevimba kwa hasira, bila chanuo, na nikanunua kitumbua.

Haya, hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama nyumba niliyoolewa ingekuwa ya wafuga ng'ombe. Ilikuwa nyumba ya wapasua mbao. Ilikula kwa msumeno, ilivaa kwa msumeno, hata mimi niliolewa kwa msumeno. "Na hilo neno nalo," alisema mama mkwe, "hebu lisikilize vizuri, meno yamekaa mle mle ndani." Jamani! Msumeno wenyewe ukawa mwiko. Mimi niliuita kile chuma.

Kile chuma kilikuwa kirefu kuliko mtu, chenye mpini huku na huku, na kilifanya kazi shimoni. Gogo hulazwa juu ya shimo, mmoja husimama juu yake, mwingine huingia chini, wanavutana juu na chini mpaka ubao unapatikana. Anayesimama juu huitwa wa juu. Ndiye anayeongoza mstari, ndiye mwenye tupa, ndiye anayenoa, na hakuna mwingine anayeigusa tupa hiyo. Wa chini ni wa kuvuta tu na kula vumbi. Wa juu alikuwa baba mkwe. Wa chini alikuwa mume wangu.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa inaniuma, na nasema wazi. Unga wote wa mbao ulimwangukia usoni. Mchana kutwa anatazama juu, unga unashuka. Jioni alikuja nyumbani macho mekundu kama pilipili, yanachuruzika, yamefumba nusu, akipapasa kigoda kwa mkono. Nilimsafisha kwa maji ya uvuguvugu, nikamkanda kwa kitambaa, na akishatulia aliegemea ukuta amefumba macho, akinisikiliza nikiongea. Alipenda nikiongea. Lakini mwaka mzima wa ndoa yangu mume wangu alinisikia kuliko alivyoniona. Mimi nilikuwa msichana, nina ngozi nzuri, nina kanga mpya, na mwenzangu amefumba macho! Wapasua mbao wazee kijijini kwetu, wale waliokaa shimoni ujana wao wote, walishikwa mkono na wajukuu kwenda kuota jua. Niliwaona kila siku. Nilimwomba Mungu amtoe mume wangu shimoni kabla hajafika huko, na kwa kuwa sina subira, nilimwomba kwa sauti.

Mungu akajibu kwa lori. Tajiri aliyenunua mbao zetu alikuwa Mwislamu wa Iringa, watu wake walitoka pwani zamani, mnene, mcheshi, mwenye Kiswahili cha kutelezesha. Siku hiyo lori lake lilipita Chimala, likapita Mbeya, likapanda milima mpaka kwetu, na nyuma lilibeba mashine. Ilikuwa na injini upande mmoja, mpini upande wa pili, na katikati ulimi mrefu wa chuma uliozungukwa na mnyororo. Ilikuwa ya watu wawili. Mmoja hushika injini, mwingine hushika ncha, na wote wawili husimama juu ya ardhi kama binadamu wengine. Tajiri alisema tukishaizoea, kazi yetu itakuwa kuangusha miti na kuikata magogo tu, magogo yatapanda lori kwenda kupasuliwa kiwandani Iringa, na shimo litabaki la vyura. Nilipiga vigelegele nikiwa nimejificha migombani. Na mimi nikaanza kuipenda ile mashine, kwanza kwa sababu hiyo, pili kwa sababu neno mashine halina meno ndani yake.

Ilikata vizuri siku za mwanzo, ingawa ni asubuhi tu, maana mchana walirudi shimoni kumalizia magogo ya zamani, kisha makali yakaisha. Wakati huo huo fundi wa tajiri, kijana wa Ipogolo, huko huko Iringa, aliyekuwa akizunguka kwenye kambi za mbao, alipita kwetu barabarani. Lori lilikuwa na haraka, wanaume walikuwa msituni, nyumbani nipo mimi tu. Akaniita nje. Akatoa kipande kifupi cha mnyororo mfukoni, akakilaza kiganjani.

"Dada, shika maneno haya uwapelekee," akasema. "Unaona hivi vitu viwili? Hiki cha nyuma kilichopinda kama ukucha, hili ndilo jino. Wanoe hili, kwa tupa hii ya mviringo. Hiki kinundu cha mbele yake si jino. Ni kipimo. Kinalipimia jino kiasi cha kula. Wakikichonga, jino litakula kwa pupa, na mashine itapaliwa. Wasikiguse kabisa. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Hata mtoto angemwelewa. Akanipa tupa, akarudisha kile kipande mfukoni, lori likaondoka.

Jioni nikamweleza mume wangu, macho yamefumba kama kawaida. "Noeni vitafunio tu. Kuna kinundu mbele ya kila kitafunio, hicho si kitafunio, msikiguse." Akasema sawa. Asubuhi akampelekea baba yake, na jibu lilinirudia jioni.

"Mzee anauliza, mbele ni wapi?"

"Mbele ni mbele!"

"Anasema mnyororo ni duara, unazunguka. Kitu kinachozunguka hakina mbele wala nyuma. Na anasema vyote viwili vimechomoza, vyote viwili ni hivyo vitu unavyoviita, na hicho kinundu ndicho kilichokuwa butu kuliko mwenzake. Ameshakinoa."

"Vyote?"

"Vyote. Vinang'aa, vikali kweli kweli."

Nilishika kichwa. Hebu nimtetee mzee kidogo. Mtu aliyenoa msumeno wa shimoni maisha yake yote anajua kwamba kila kinachochomoza kwenye chuma ni jino, na jino lililosalia butu ni aibu ya mnoaji. Alivichonga vinundu vile kwa tupa yake bapa, kimoja kimoja, kwa upendo. Kesho yake walipowasha mashine ikauma mti, ikashtuka, ikaruka nyuma kama beberu aliyechomwa, ikazima. Wakawasha tena, ikaruka tena. Mume wangu alirudi na nundu kwenye paji la uso. Baada ya siku chache wakaiweka kando, gogo likalazwa juu ya shimo, na yeye akaingia chini.

Nilikasirika nisiseme. Nilimkasirikia mzee, nikaikasirikia mila, nikalikasirikia hata duara. Nilimwomba mume wangu aniache nikaonyeshe kwa kidole, akasema nitaonyeshaje na mzee halali mbali na mashine ile? Kweli, aliilinda kama ng'ombe mwenye mimba. Mahali alipo yeye, mimi sina pa kukanyaga.

Habari zikafika Iringa, na tajiri akaja mwenyewe. Alileta mnyororo mpya, wa mwisho aliokuwa nao, na maneno ya kutisha, ingawa aliyasema akitabasamu.

"Wazee wangu, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Mnyororo huu umekaa sana kwenye boksi na umegusa gusa vyuma vingine, makali yake si kamili. Unoeni, muwashe, muuangushe mti ule pale. Ukianguka, mashine ni yenu. Usipoanguka naipakia jioni hii hii, wako watu Mufindi wananisumbua wanaitaka. Ninyi mtabaki na shimo lenu, na mimi nitanunua mbao zenu kama zamani, hatugombani."

Fundi wake, nikasikia, alikuwa amebaki Mufindi huko huko. Tajiri mwenyewe alijua vitambaa na mchele, ya tupa hakuyajua.

Mimi nililetewa habari hizi na mama mkwe, aliyeniambia nipike haraka, tajiri atakula. Nikapika ndizi na maharage, nikajaza maziwa ya mgando kwenye kibuyu, nikapanda msituni mbio. Desturi ilikuwa nisimame nyuma ya mianzi, nikohoe, niweke kapu juu ya kisiki, niondoke. Nikafika, nikachungulia kati ya mianzi, nisipochungulia ningekuwa mimi?

Mzee ameinama juu ya mashine. Mume wangu ameshika ule ulimi wa chuma usitikisike, uso wake umekata tamaa. Tajiri amekaa juu ya gogo, kofia kichwani, anajipepea. Na mkononi mwa mzee ni tupa bapa! Ile ya mviringo iko chini, haina kazi. Akapapasa mnyororo mpya kwa kidole gumba, akakipata kinundu cha kwanza, akakipuliza, akakiwekea tupa.

Nikakohoa. Mume wangu akageuza shingo kidogo, mzee hakugeuka, ila tupa ikasita. Nikasema kutoka nyuma ya mianzi, "Hicho si kitafunio!"

Tajiri akainuka. "Alhamdulillahi, vitafunio vimefika?"

"Hapana!" nikasema. "Si kitafunio hicho!"

"Kama si vitafunio basi ni chakula chenyewe," akasema tajiri, "leta tu binti, mimi sichagui."

Mzee, kwa kuwa maneno hayo hayakumhusu, akaiweka tupa tena juu ya kinundu na kuvuta pumzi. Najua namna anavyovuta pumzi mnoaji kabla ya msukumo wa kwanza. Baada ya pumzi ile hakuna kurudi. Nikaona mume wangu anashuka shimoni. Nikamwona amezeeka, anashikwa mkono na mtoto kwenda kuota jua. Nikafungua kinywa, na neno la kwetu likatoka zima zima, bila kukunjwa wala kufunikwa.

"Hilo si jino!"

Mume wangu aliacha mdomo wazi. Na baba mkwe wangu, ambaye alikuwa ameenda vitani Burma na jeshi, ambako mtu akiitwa kwa sauti kama ile haulizi anayemwita ni nani, aliruka, akabana visigino, akanyoosha mikono ubavuni.

"Naam, afande!"

Tupa iliangukia majani. Mimi nilianguka kwa magoti, nikaigeuzia mianzi uso, nikajifunika kanga yote, nikasubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka. Nilichosikia ni tajiri akiuliza kwa upole, "Jamani, kuna nini? Mbona chakula hakiji?"

Kisha nikasikia sauti ya mzee. Hakuzungumza nami, alizungumza na mwanawe, na alizungumza kwa makini kama mtu anayepita kwenye daraja bovu.

"Mwulize mkeo. Kama hilo si mimi, basi mimi ni lipi?"

Mume wangu akaniuliza, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikamjibu kupitia kwenye kanga. "Mwambie baba, yeye ni lile la nyuma, lililopinda kama ukucha."

"Na hiki kinundu?"

"Ni kipimo chake. Kinampimia kula. Kikikatwa, atakula kwa pupa apaliwe."

Mzee akawaza. "Mwulize, mbele ni wapi."

"Mwambie, mbele ni kule mnyororo unakokimbilia ukiwaka."

Nikasikia anauzungusha mnyororo kwa mkono, taratibu, kiungo kwa kiungo. "Kumbe!" akasema. "Kumbe duara lina mbele!" Halafu akaanza kucheka. Alianza kidogo, puani, kisha tumboni, mpaka akalazimika kushika mti. Mume wangu naye akaanza, na tajiri ambaye hakujua lolote akacheka kwa sababu wenzake wanacheka. Na mimi, naapa, nililia na kucheka ndani ya kanga mpaka kamasi zikatoka.

"Haya," mzee akasema akifuta macho, "nipe hiyo ya mviringo. Leo najinoa mwenyewe."

Na akajinoa. Sikumwona, nilimsikia. Alipokwisha kujua jino ni lipi, hakuwa mtu wa kufundishwa na yeyote. Alisukuma tupa mbele, akainyanyua, akairudisha bila kugusa, akasukuma tena, kila jino kwa misukumo sawa na ndugu yake, moja analipita, linalofuata analinoa. Akamaliza yanayotazama kulia, akaigeuza mashine, akashika yanayotazama kushoto. Mlio wake ulikuwa mwembamba na safi. Hata tajiri aliacha kujipepea.

Wakawasha. Mashine ikanguruma, ikauma mti, na haikuruka. Ikaingia kama kisu kwenye ndizi iliyoiva. Na hapo nikageuka, mila inisamehe, nikachungulia. Haikuwa ikitema unga. Ilitema vipande, vya njano, vinene, vinaruka chini miguuni mwao na kulala hapo. Mti ukalia, ukainama, ukaenda zake kwa kishindo mpaka ndizi zangu zikaruka kwenye kapu.

"Mashallah!" tajiri akapiga kelele. "Mashine haishuki mlima huu! Haya sasa, binti, kitafunio hicho kiko wapi?"

Nyumbani habari zilinitangulia kufika. Mama mkwe alinisubiri mlangoni mikono kiunoni. Mke kumwita mkwe wake kavu kavu, tena mbele ya mgeni! Akasema nisiingie mpaka jogoo apatikane wa kuondoa aibu. Jogoo akapatikana, wa baba yangu mzazi, na mzee akala paja. Alipomaliza akatangaza kwa sauti, yeye akiwa barazani na mimi jikoni, ukuta kati yetu.

"Ameniita, nimeitika. Sasa kosa ni la nani, la aliyeita au la aliyeitika?"

Tangu siku hiyo nilisema jino, meno na msumeno mbele ya watu wote. Njiani bado nilimpisha vichakani, kwa hiari yangu, na yeye akipita alikohoa na kusema, "Naam, afande." Nilicheka humo vichakani mpaka miiba ikanichoma.

Lakini siku niliyotaka kuwaambia ni ile iliyofuata ule mti. Walifanya kazi kutwa nzima na ile mashine, wote wawili juu. Jioni nikachemsha maji kama kawaida, nikaandaa kitambaa, nikakaa kumsubiri mume wangu. Akaingia. Hakupapasa kigoda, alikwenda moja kwa moja akakaa. Nikamsogelea na bakuli, akanishika mkono, akaniambia niliweke chini. Macho yake yalikuwa meupe. Yalikuwa makavu, yamefunguka yote mawili, na yananitazama mimi. Alinitazama sana mpaka nikaona haya, nikamwambia hebu acha, unatazama nini?

"Kumbe una vishimo mashavuni," akasema.